Kaburi la Hewa Chini ya Bahari ya Kaskazini

Wenzangu wapenda kalamu, leo naomba tuache kidogo mapenzi na siasa za mjini, tuzungumze habari za mawe. Najua, mtu akisikia mawe anafunua ukurasa wa mbele. Vumilieni. Hiki ni kisa cha nchi kadhaa za Ulaya zilizogombea mstari chini ya maji mpaka zikapelekana mahakamani, halafu miaka 24 tu baadaye zikaketi meza moja kuchora ramani ya mahali pa kuzikia moshi wao. Ndani yake mna wino mwingi, mna tarakimu zilizovimba zikanywea, na mna neno moja lililobadilishwa kimyakimya, ambalo sisi tunaotaka kuandika tungefaa kulitazama kwa macho mawili.

Tuanzie kwenye mstari. Mwaka 1959 gesi iligunduliwa huko Slochteren, mkoa wa Groningen, Uholanzi, na ilikuwa gesi nyingi ajabu. Mpaka hapo Bahari ya Kaskazini ilikuwa ya samaki na dhoruba. Sasa kila mtu akajiuliza: kama gesi iko chini ya mashamba ya Waholanzi, kwa nini isiwe chini ya maji? Mkataba wa Geneva wa 1958 ulikuwa umekwisha kusema kwamba nchi ina haki juu ya sakafu ya bahari iliyo mbele ya pwani yake. Kilichobaki ni kukatiana vipande. Mwaka 1965 Uingereza na Norwei zilikubaliana juu ya mstari wa katikati, na Desemba ya mwaka huohuo Norwei na Denmark nazo zikafanya vivyo hivyo. Mwisho wa 1969 kampuni ya Phillips ikatangaza kwamba imepata mafuta ya Ekofisk, na kumbe yako upande wa Norwei, si mbali na mstari wa Denmark! Wadenmark wana kisa chao cha vijiweni kwamba waziri wao alisaini akiwa amelewa. Historia haikithibitishi, lakini uchungu unaonekana.

Aliyepigwa bao hasa ni Ujerumani. Pwani yake imejikunja kwa ndani kama kiwiko, Denmark juu na Uholanzi pembeni. Ukichora mistari ya umbali sawa kutoka kila pwani, ile ya Denmark na ya Uholanzi inakutana mbele ya pua ya Mjerumani, naye anabaki na kipembe cha bahari. Wakaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Tarehe 20 Februari 1969 majaji 11 dhidi ya 6 wakasema kanuni ya umbali sawa si amri ya Mungu. Nendeni mkaongee kwa haki. Wakaongea, na mwaka 1971 wakasaini mikataba mipya. Ujerumani ikapata ulimi mrefu mwembamba unaofika hadi katikati ya bahari, ambao Wajerumani wenyewe wanauita Mdomo wa Bata. Huku kwetu tuliijua ladha ya mabishano hayo tarehe 12 Oktoba 2021, mahakama hiyohiyo ilipotoa hukumu ya bahari kati ya Somalia na Kenya. Ugomvi ulikuwa wa aina ileile: mstari wa umbali sawa, au mstari mwingine?

Shika jambo hili basi. Mistari yote hiyo ilichorwa kwa ajili ya kutoa. Kutoa mafuta, kutoa gesi. Hakuna aliyekuwa na habari ya kurudisha kitu.

Wazo la kurudisha lilianza kama utundu wa wataalamu. Mwaka 1977 Mwitaliano mmoja, Cesare Marchetti, aliandika kwamba hewa ukaa inayotoka viwandani ingeweza kukamatwa na kumwagwa kwenye maji mazito ya Mediterania yanayotoka kwa chini katika mlango wa Gibraltar, yakaizamishe kilindini mwa Atlantiki. Wazo la kuimwaga baharini lilizeeka vibaya. Mwaka 2002 serikali ya Norwei ilifuta kibali cha jaribio dogo tu la namna hiyo, wanamazingira walipokuja juu. Lakini kulikuwa na wazo jingine, la kuipeleka chini zaidi, ndani ya mwamba ulio chini ya sakafu ya bahari, na hilo ndilo lililopata mguu.

Lilipataje mguu? Kwa kodi, si kwa mapenzi. Mwaka 1991 Norwei iliweka kodi ya hewa ukaa kwenye mitambo ya mafuta iliyo baharini. Kampuni ya Statoil, ambayo tangu 2018 inaitwa Equinor, ilikuwa na gesi ya Sleipner Magharibi iliyochanganyika na hewa ukaa kufikia asilimia 9. Wanunuzi walitaka isizidi asilimia 2.5. Kwa hiyo lazima ichujwe, na ukishaichuja ukaiachia angani unalipa, karibu dola 50 za Marekani kwa kila tani. Hesabu ya duka hiyo. Mwaka 1996 wakaanza kuisukuma kwenye mwamba uitwao Utsira, mita kama 1,000 chini ya bahari, karibu tani milioni moja kwa mwaka.

Hapa nieleze kidogo, maana wengi wetu tukisikia "kuhifadhi chini ya ardhi" tunaona pango, kama ghala. Hakuna pango. Mwamba wa mchanga ni chembe za mchanga zilizogandamana, na kati ya chembe na chembe mna vitundu vidogo vilivyojaa maji ya chumvi. Ndivyo hata gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam 2004, ilivyokaa: ndani ya vitundu vya mwamba, siyo ndani ya tangi. Ukisukuma hewa ukaa kwa nguvu inasogeza maji na kushika nafasi yake. Ukienda chini ya mita 800 hivi, uzito wa yaliyo juu unaibana mpaka inakuwa nzito karibu kama kimiminika, na tani nyingi zinaenea mahali padogo. Halafu juu yake lazima kuwe na tabaka jingine la tope lililokauka na kushikana, lisilopitisha kitu. Hilo ni kama kifuniko cha sufuria. Bila kifuniko umefanya kazi bure.

Basi ukitaka kujua nchi ina nafasi kiasi gani, unachukua eneo la mwamba, unazidisha kwa unene, unazidisha kwa sehemu iliyo vitundu, unazidisha kwa uzito wa hewa ukaa kwenye kina kile. Mpaka hapo ni darasa la saba. Mchezo uko kwenye tarakimu ya mwisho: ni asilimia ngapi ya vitundu hivyo itajaa kweli? Moja? Mbili? Sita? Arobaini? Hapo ndipo ramani inapogeuka kuwa fasihi.

Kabla Sleipner haijaanza, Tume ya Ulaya ilikuwa imeshatoa fedha kwa taasisi za jiolojia za nchi kadhaa zishirikiane kupima. Kazi ilifanyika kati ya 1993 na 1995 chini ya mpango ulioitwa Joule II, ikiongozwa na Sam Holloway wa taasisi ya jiolojia ya Uingereza. Ilikuwa mara ya kwanza Ulaya Magharibi kutazamwa kama chombo kimoja cha kuwekea hewa. Jibu lao lilikuwa takriban tani bilioni 800, sehemu kubwa chini ya Bahari ya Kaskazini. Bilioni 800! Umoja wa Ulaya wa leo, moshi wake wote ukijumlishwa, hutoa karibu bilioni 3 kwa mwaka. Yaani watu wangeweza kuchoma makaa mpaka wajukuu wa wajukuu.

Sasa lile neno. Ripoti ya Joule II ilipotoka mwaka 1996, kichwa chake cha Kiingereza kilitumia neno lile wanalotumia kwa kutupa taka. Kutupa hewa ukaa chini ya ardhi: ndivyo walivyoandika, bila haya, kama wahandisi. Miradi iliyofuata haikutumia tena neno hilo. Ikawa kuhifadhi. Ikawa ghala, ikawa uwezo, ikawa rasilimali. Mwamba ule ule, bomba lile lile. Sisemi kuna mtu aliketi ofisini akaamuru. Lakini mwandishi anajua tofauti kati ya kitu ulichotupa na kitu ulichoweka: cha kwanza kinanuka, cha pili kina thamani. Mwenye ardhi ya kutupia taka anaonewa huruma, mwenye ghala anatoza kodi ya pango. Na ndivyo ilivyokuja kuwa. Kichwa changu hapo juu kinasema kaburi. Nimelichagua kwa makusudi, maana naona liko katikati, nanyi mna ruhusa kunipinga.

Turudi kazini. Kati ya 1998 na 2002 Statoil ilifungua data za Sleipner kwa watafiti wa Norwei, Uingereza, Denmark, Uholanzi na Ufaransa. Walipiga mitetemo kutoka melini na kusikiliza mwangwi, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Picha ya 1994, kabla ya kuanza, iliwekwa kando ya picha ya 1999 na ya 2001. Hewa ilionekana waziwazi ikipanda na kutandaa katika matabaka tisa chini ya kifuniko, na kifuniko kimeshika. Nadhani huo ndio wakati hasa jambo hili lilipotoka kwenye karatasi. Kampuni ya mafuta kuonyesha watu wa nchi nyingine tumbo la kisima chake si jambo la kila siku. Kwa kawaida data ya chini ya ardhi ni siri kuliko barua za mapenzi.

Mradi wa GESTCO, uliomalizika 2003, uliunganisha nchi nane: Denmark, Norwei, Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani, Ufaransa na Ugiriki. Ulioufuata, GeoCapacity, kati ya 2006 na 2008, ulifikisha nchi 25. Yote miwili iliratibiwa na taasisi ya jiolojia ya Denmark, Copenhagen. Na sasa wataalamu wakakutana na tatizo ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili angelitambua: lahaja. Chukua mwamba mmoja wa mchanga wenye umri wa karibu miaka milioni 250, unaopita chini ya bahari kutoka Uingereza hadi Ujerumani. Mwingereza anauita Bunter, Mjerumani Buntsandstein, Mholanzi Bontzandsteen. Jina moja hilo, "mchanga wa rangi rangi", lakini kila taifa liliugawa mwamba kwa matabaka yake, kwa vipimo vyake, kwa miaka mingi. Ukiunganisha ramani zao unaona tabaka linakatika ghafla mpakani, limenyooka kama limekatwa kwa kisu. Ule mstari wa wanasheria ulikuwa umezama mpaka kwenye mawe! Kazi kubwa ya ushirikiano haikuwa kuchoronga visima vipya. Ilikuwa kukaa na kukubaliana kwamba hiki chako na hiki changu ni kitu kimoja.

Na kadiri walivyokubaliana, ndivyo tarakimu zilivyonywea. GeoCapacity ilitoa jumla ya tani bilioni 360 kwa Ulaya, kisha ikaongeza, kwa uungwana mkubwa, kwamba kwa hesabu ya tahadhari ni bilioni 117. Kutoka 800 hadi 117, na mawe hayajasogea hata inchi. Utsira peke yake ulikuwa umesifiwa kwa miaka kwamba ungeweza kumeza bilioni 600, moshi wa mitambo yote ya umeme ya Ulaya kwa karne kadhaa. Idara ya petroli ya Norwei ilipotoa atlasi yake, kuanzia 2011 na kukusanywa yote mwaka 2014, Utsira pamoja na jirani yake Skade ilipewa bilioni 16 hivi. Wengine walicheka. Mimi naona hapo ndipo kazi ilipokuwa ya kuaminika. Ramani isiyopungua kila inapokaguliwa ni tangazo la biashara.

Mwamba wenyewe ulitoa onyo. Kule Snøhvit, kaskazini kabisa mwa Norwei, walianza kusukuma hewa ukaa mwaka 2008 kwenye tabaka liitwalo Tubåen. Kwa karatasi nafasi ilikuwapo. Shinikizo likapanda haraka kuliko walivyotarajia, maana vitundu havikuwa vimeungana kama walivyodhani, na mwaka 2011 ikabidi wahamie tabaka jingine, Stø. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichovuja. Lakini kila mwenye atlasi mkononi alijifunza kwamba nafasi unayoihesabu si lazima iwe nafasi utakayoipata.

Nchi kavu mambo yaligoma. Shell ilitaka kuweka hewa ukaa chini ya mji wa Barendrecht, Uholanzi, kwenye visima vya gesi vilivyokwisha. Wakazi wakasema si chini ya vitanda vyetu, na Novemba 2010 serikali ikaachana na mpango. Kaskazini mwa Ujerumani wananchi nao walikataa. Kwenye ramani, mwamba ulio chini ya Barendrecht ulikuwa na alama nzuri tu. Kilichokosekana ni safu ya kuandikia wanaolala juu yake. Tangu hapo macho ya wengi yakarudi baharini, ambako hakuna anayepiga kura isipokuwa pomboo.

Baharini nako kulikuwa na sheria. Itifaki ya London ya 1996 inakataza kutupa taka baharini. Mwaka 2006 ilirekebishwa ili hewa ukaa iruhusiwe chini ya sakafu ya bahari. Lakini itifaki hiyohiyo ilikataza kupeleka taka nchi nyingine ili zitupwe huko, na mbele ya sheria hewa ukaa, hata uiite rasilimali, ilikuwa bado taka. Ona neno la zamani linavyorudi mlangoni! Rekebisho la kuruhusu usafirishaji lilipitishwa 2009, likakwama kwa kukosa sahihi za kutosha. Ikabidi Oktoba 2019 nchi wanachama zikubaliane, kwa pendekezo la Norwei na Uholanzi, kwamba wanaotaka waanze kulitumia kwa muda. Miaka kumi mawe yalikuwa tayari, ramani tayari, karatasi haiko tayari.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Septemba 2022 Denmark na Ubelgiji zilitiliana saini, na Machi 2023 hewa ukaa kutoka kiwanda cha Antwerp ilisukumwa kwenye kisima cha mafuta kilichochoka, Nini Magharibi, upande wa Denmark. Norwei nayo ikajenga mradi wa Northern Lights, wa Equinor, Shell na TotalEnergies. Agosti 2025 hewa ukaa kutoka kiwanda cha saruji cha Brevik ililetwa kwa meli hadi Øygarden, ikaingia bombani, ikashuka mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Awamu ya kwanza inaweza kupokea tani milioni 1.5 kwa mwaka. Ziweke kando ya zile bilioni 3 halafu uniambie. Mimi si mpinzani wa jambo hili. Saruji ikichomwa, hewa ukaa inatoka ndani ya chokaa yenyewe, utake usitake, na mahali pa kuiweka panahitajika. Lakini ramani yenye mabilioni ni blanketi zuri sana la kulalia kwa mtu asiyetaka kuacha kuchoma makaa, na miaka ile ya 800 waliolala walikuwa wengi.

Kuna ramani moja ya mwisho ambayo naipenda kuliko zote. Nchi za Nordiki, katika mradi ulioanza 2011, zilitengeneza atlasi yao ya pamoja. Norwei imejaa rangi. Denmark ina rangi nzuri. Sweden ina kidogo kusini na chini ya Baltiki. Iceland haina mwamba wa mchanga wa maana, ina basalti ya volkeno, na kule Hellisheiði walipoanza 2012 kuingiza hewa ukaa iliyoyeyushwa majini, zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe kabisa ndani ya miaka miwili. (Kampuni changa za Kenya zimekwisha anza kuitazama basalti ya Bonde la Ufa kwa jicho hilohilo. Ningependa kujua nani anayo ramani yake, na imeandikwa kwa lugha gani.) Halafu kuna Finland. Finland, yenye viwanda vya karatasi na chuma, imekaa juu ya mwamba mkongwe mgumu usio na vitundu. Kwenye kuhifadhi, ukurasa wake ni mweupe. Walishiriki kuchora, wakajua hawana.

Na kuwa na rangi kwenye ramani nako si kuwa na kisima. Machi 2025 mtambo wa kupasha joto nyumba za Stockholm, unaochoma mabaki ya mbao, ulisaini mkataba wa kupeleka tani 900,000 kwa mwaka Northern Lights. Mwamba wa Baltiki uko jirani zaidi, umepimwa na umeandikwa, ila hakuna aliyetoboa tundu la kuingizia. Meli zitazunguka kusini mwa Sweden, zitapita mbele ya Denmark, zitapanda hadi Øygarden, na ankara itaandikwa Norwei.